Baba Yako Amesema Ukae Ulingoni

Jumapili, 2 Machi

Kaka yangu Paschal ameondoka leo asubuhi kwa bodaboda, ashike basi la Itigi, kisha Mitundu, kisha msitu ulioko huko mbele ambako ana mizinga yake. Atarudi asali ikiiva, mwezi wa sita. Ameniachia mama yetu, binti yake Aneth, eka tatu za uwele, na daftari hili.

Daftari alinipa mbele ya watu. "Calist, andika mvua, andika ndege, andika habari za mtoto. Nikirudi nitasoma. Ukinisimulia kwa mdomo nitakuta simba watatu shambani."

Watu wakacheka. Wacheke tu. Mimi niliishia darasa la sita, na si kwa ujinga. Mwalimu mwenyewe alimwambia marehemu baba kwamba hana tena cha kunifundisha. Na simba alikuwa mmoja, sikuwahi kusema watatu.

Aneth hakulia. Ana miaka kumi na mmoja, mama yake alifariki mwaka juzi, baba ndiye aliyebaki. Alisimama njiani mpaka mlio wa pikipiki ukaisha, akaendelea kusimama.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Nimeanza kutengeneza ulingo wa kulindia ndege katikati ya shamba, miti minne na kitanda cha fito juu, ngazi pembeni. Ulingo wangu mtu anaweza kufanyia harusi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua jioni. Hakuna la kuandika.

Jumapili, 9 Machi

Paschal amepiga. Huko aliko mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu, na anapanda Jumapili akishapumzika. Simu yangu ni kitochi, spika ya sikioni ilikufa, kwa hiyo ukipokea lazima uweke sauti kubwa na nyumba nzima inasikia.

Alianza na Aneth. "Mama, umekula?" Anamwita mama, kama baba wengi wa huku. Aneth akasema amekula. "Unalala vizuri?" Akasema analala. "Baba, unarudi lini?" Akaambiwa asali ikiiva. Kisha nikaichukua simu, maana kuna jambo la fisi nilitaka kumweleza, yule aliyekuja zizini nikampiga kofi moja akakaa chini kama mtu anayeomba radhi. Nilipofika kwenye kofi salio la Paschal likaisha.

Nilipogeuka, Aneth alikuwa bado amenyoosha mkono kuipokea simu.

Ijumaa, 14 Machi

Uwele umeanza kutoa masuke. Mvua wastani.

Jumapili, 16 Machi

Paschal amepiga. Nimemsimulia mambo ya ulingo. Aneth amepata kusema shikamoo.

Jumatatu, 17 Machi

Kweleakwelea wameingia. Walikuja kutoka upande wa bwawani kama moshi, wakageuka wote pamoja, wakashuka. Nimeshinda juu ya ulingo tangu alfajiri mpaka jua linazama, kombeo mkononi, madongo kwenye ndoo, debe la kupiga pembeni. Ndege hawachoki. Ukiwaondoa hapa wanashukia pale.

Nitaandika jambo moja ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kazi si ngumu. Ugumu ni kwamba huko juu hakuna mtu. Kwa saa kumi na mbili nzima hakuna hata mmoja wa kumwambia kitu. Kufika alasiri nilikuwa nalisimulia debe.

Jumanne, 18 Machi

Leo Aneth amekaa ulingoni badala yangu. Mwenyewe ametaka. Nilikataa, akasisitiza sana.

Jumatano, 19 Machi

Aneth ulingoni. Ndege wengi.

Alhamisi, 20 Machi

Aneth ulingoni. Nilikuwa na shughuli kwa Mazengo.

Jumapili, 23 Machi

Paschal alipopiga nilikuwa kilabuni kwa Mazengo, si nyumbani. Akaniuliza Aneth yuko wapi. Nikasema kwaya. Akauliza shule. Nikasema anaongoza darasa la tano lote, na walimu wamesema hawajawahi kuona. Kaka alifurahi mpaka sauti ikabadilika. Akasema, "Mwambie namkumbuka kila jioni."

Mvua kidogo.

Alhamisi, 27 Machi

Leo mwalimu Dorika amekuja mpaka nyumbani. Ni mwalimu wa darasa la Aneth, mama mfupi anayetembea haraka. Alinikuta uani nikimsimulia jirani safari yangu ya Sekenke.

"Shemeji, Aneth anaumwa?"

"Haumwi, mwalimu. Yupo shambani kidogo."

"Siku nane ni kidogo? Nani kamruhusu?"

Nikasema, "Baba yake." Ilitoka kirahisi kama mate.

Mama alikuwa ndani anachambua mchicha. Macho yake yamefifia lakini masikio hayajafifia. Mwalimu alipoondoka akaniita. "We Calist. Paschal kasema mtoto aache shule?"

"Kasema, mama. Kwa simu."

"Paschal huyu niliyemzaa mimi? Aliyeuza ng'ombe wake wa mahari ili huyo mtoto apate miwani?"

Nilikuja huku nyuma ya nyumba nikafungua daftari, nikasoma nilichoandika tarehe kumi na nane. Nimeandika uongo. Kaka, kwa kuwa utasoma, hivi ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi ile Aneth alikuwa ameshavaa sare, anafunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa naiwaza ile siku nyingine ya kukaa peke yangu juu kama kunguru. Nikamwambia, "Baba yako alipiga jana ulipokuwa kisimani."

Akanyanyuka. Kiatu kimoja kimefungwa, kingine bado. "Alisemaje?"

"Amesema ukae ulingoni. Amesema mimi macho yangu yameanza kuzeeka, wewe ndiye macho yake. Usishuke mpaka nije kukutoa."

"Amenitaja mimi?"

"Kwa jina."

Alivua sare akaikunja, akaiweka juu ya sanduku. Alienda shambani akikimbia. Wala hakusisitiza. Wala mimi sikukataa.

Ijumaa, 28 Machi

Nilitaka kumrudisha shule leo. Ila nikimrudisha nitasema nini? Kwamba baba yake amebadili mawazo bila kupiga simu? Aneth ulingoni.

Jumapili, 30 Machi

Paschal akiwa jiweni, mimi nimepokelea kwa Mazengo tena. Nimemwambia mtoto yuko kwa wenzake anajisomea.

Jumatano, 2 Aprili

Kilabuni Mazengo aliniambia, "Shemeji yangu, uwele wenu ndio pekee haujaliwa. Yule mtoto ana mkono! Nimemwona anatupa dongo, limepita hapa, ndege mia wakaruka."

Wote wakanitazama. Nikasema nilimfundisha mimi. Sikumfundisha. Nilimwachia kombeo na ndoo nikaondoka.

Ijumaa, 4 Aprili

Hakuna mvua. Aneth ulingoni.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika nguo bado mbichi, msomaji avumilie mwandiko.

Saa nane mchana nilikuwa kwa Mazengo. Nilikuwa nimefika katikati ya hadithi ya mlima Sekenke, ile ya basi lililokatika breki na dereva akaruka, nikashika usukani mimi ambaye sijawahi kushika hata wa trekta. Upepo ukavuma. Mvua ikaja na mawe, bati likawa linalia kiasi cha kutosikilizana. Watu waliokuwa wanataka kuondoka wakarudi ndani. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona ni bahati. Wasikilizaji wangu walikuwa wamefungiwa. Nikapandisha sauti. Nikaliteremsha lile basi kona kwa kona, nikaongeza na abiria mjamzito aliyekuwa hajapanda siku zote nilizowahi kuisimulia.

Walicheka sana. Nilipofika chini ya mlima, mzee mmoja akauliza, "Na yule mtoto wenu, mvua hii kakimbilia wapi?"

Nilitoka bila kofia. Njia ilikuwa mto. Mawe ya mvua yananipiga kichwani, nakimbia huku najiambia ameshashuka, ameshaenda kwa bibi yake, mtoto gani anabaki juu ya miti minne radi ikipiga.

Debe nililisikia kabla sijaona kitu. Taratibu. Ko. Ko. Ko.

Alikuwa juu. Amejifunika gunia, kwa mkono mmoja ameukumbatia mti wa ulingo, kwa mwingine anapiga debe. Midomo imekuwa ya kijivu. Nikampigia kelele ashuke. Hakunisikia. Nikapanda, nikamshika.

"Ndege hawaruki kwenye mvua, Aneth! Unamfukuza nani?"

Akanitazama kama ndiye mtu mzima na mimi ndiye mtoto. "Baba alisema nisishuke mpaka uje."

Nilimbeba mgongoni. Ni mwepesi. Nilikuwa sijui ni mwepesi kiasi kile.

Mama alitupokea mlangoni. Alimvua nguo, akamsugua kwa kitambaa kikavu, akampa uji wa moto. Nilisimama pale nikichuruzika maji kwenye sakafu mpaka aliposema, "Toka, unalowesha."

Alhamisi, 10 Aprili

Homa na kikohozi. Zahanati wamempa dawa. Ndege wamekula upande wa mashariki maana hakuna aliyekaa. Mimi nimekaa hapa nje ya mlango.

Ijumaa, 11 Aprili

Homa imeshuka. Aneth aliniita. Nikaingia nikakaa kwenye kigoda. Nilijiandaa aniulize ulikuwa wapi. Nilikuwa hata na jibu, lilikuwa na nyoka ndani yake.

Akasema, "Baba mdogo, naomba usimwambie baba."

"Nisimwambie nini?"

"Siku ile nilishuka. Mara moja tu, nilibanwa haja. Nikapanda haraka."

Nikasema sitamwambia. Akafumba macho, akalala.

Nina miaka arobaini na saba. Nimetukanwa na watu wengi, wengine kwa haki. Hakuna aliyewahi kunifanya nijione kama leo.

Jumapili, 13 Aprili

Nilikuwa nimepanga kumwambia Paschal. Nilikwenda mbali, mpaka kwenye mawe makubwa, nisisikiwe. Alipopiga nikasema, "Kaka, kuna jambo." Akasema, "Sema." Nikafungua mdomo. Kikatoka kisa cha mawe ya mvua yaliyokuwa makubwa kama mayai ya bata. Alicheka. Akauliza, "Na mtoto?" Nikasema ana mafua kidogo. "Mwambie namkumbuka." Salio likaisha.

Nilikaa pale kwenye mawe muda mrefu, kisha nikarudi kumwambia Aneth kitandani kwamba baba yake anamkumbuka. Wala mawe yale ya mvua hayakuwa kama mayai ya bata. Yalikuwa kama punje za mahindi.

Jumatano, 16 Aprili

Aneth amepona, amerudi ulingoni mwenyewe. Nilimwambia apumzike, nitakaa mimi. Akasema, "Baba hajasema." Nikakaa naye chini ya ulingo. Sikusimulia kitu. Aliniuliza mara mbili kama naumwa.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Tumetoka kanisani, tumekula kuku. Mama alimtuma Aneth kuleta maji, kisha akaninyooshea mkono.

"Lete simu."

"Ya nini mama?"

"Nitaipokea mimi leo. Wewe kaa."

Nikampa. Siku zote nina hapana nyingi, leo sikuwa na hata moja. Aneth aliporudi, bibi yake akamwita, akamkalisha karibu na magoti yake, akampa ile simu aishike kwa mikono miwili. Ikaita.

"Baba! Shikamoo."

"Marahaba, mama! Marahaba, mama yangu! Leo nimekupata. Mafua yameisha? Shule wanasemaje?"

Aneth alinitazama. Hakuwa ananishtaki. Alikuwa haelewi swali.

"Shule siendi, baba. Si ulisema nikae ulingoni? Nimekaa. Sasa hivi najua kombeo, hata baba Mazengo amesema. Ila upande wa mashariki wamekula kidogo, ni zile siku niliumwa homa. Samahani, baba."

Upepo wa huko jiweni ulikuwa unasikika kwenye simu. Mama alikuwa amekaa na uso umeelekea kwangu, macho yake yasiyoona vizuri yananiona mimi tu. Nikasema moyoni, haya, sasa linakuja. Na nilitaka lije. Nilitaka aniite kila jina, nyumba nzima isikie, nimalize.

"Baba? Upo?"

"Nipo," alisema Paschal. Sauti ilikuwa ndogo. "Nilisema, ndiyo."

Mama akashusha pumzi.

"Nilisema, lakini nilikosea, mama. Kulinda ndege kutwa nzima ni kazi ya mtu mzima. Sikufikiri vizuri. Kesho kutwa, sikukuu ikiisha, vaa sare uende. Mwambie mwalimu baba yako ndiye aliyekosea, anaomba radhi."

"Na upande wa mashariki?"

"Waache wale. Hujanikosea kitu. Umesikia? Hata kimoja."

"Nimesikia."

"Mpe baba mdogo simu."

Alinipa. Ilikuwa ya moto kwa mikono yake.

"Calist."

"Naam, kaka."

Nilingoja. Nilimsikia anavuta pumzi, nikajua ameshalipata neno, liko mdomoni. Mtoto alikuwa amekaa hapo hapo anasikiliza.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Haya. Pasaka njema."

Akakata. Salio lilikuwapo. Alikata mwenyewe.

Jumanne, 22 Aprili

Aneth ameenda shule. Mimi ulingoni tangu alfajiri. Ndege wengi. Jua kali.

Jumatano, 23 Aprili

Ulingoni. Mazengo alipita njiani akanipigia kelele, "Shemeji, njoo, kuna mgeni hajawahi kusikia ile ya fisi!" Nikamwambia fisi alikuwa mbwa wa jirani, tena sikumpiga, alijikwaa. Akasimama pale kidogo akidhani kuna sehemu inafuata. Kisha akaenda zake.

Alhamisi, 24 Aprili

Alasiri Aneth alikuja kutoka shule, begi mgongoni, miwani imeshuka puani. Alipanda ngazi akakaa pembeni yangu. Bibi yake alimtuma na viazi kwenye kibakuli. Tukala.

Nikamwuliza mwalimu amesemaje.

"Nimemwambia baba anaomba radhi. Mwalimu akasema ni vizuri mtu mzima kukiri kosa." Akamenya kiazi. "Lakini wenzangu wamesonga. Sehemu za kugawanya zimenipita zote."

"Utawafikia."

"Baba mdogo, baba anajua mimi napenda shule. Anajua kabisa. Kwa nini alinitoa?" Hakuwa analia. Alikuwa na hasira, hasira ya utaratibu ya mtu aliyeifikiria njia nzima. "Akipiga Jumapili sitaki kuongea naye."

Paschal alijitwika ule uongo wangu mbele ya binti yake, akaubeba vizuri, na sasa ulikuwa unamla. Ningekaa kimya ningeukwepa mzigo wote. Hata daftari hili ningelichana kurasa tatu tu.

"Baba yako hakukutoa," nikamwambia. "Hakusema kitu. Hakupiga siku ile. Ni mimi niliyetunga."

Akanitazama.

"Ile ya kusema wewe ndiye macho yake, nilitunga. Ya kutoshuka, nilitunga. Yeye nilimwambia uko shule unaongoza darasa. Jumapili uliposema ukweli ndipo alipojua, na akasema amekosea yeye ili wewe usijue kwamba mimi ndiye."

"Kwa nini?"

Nilitafuta. Ninazo sababu nyingi, sijawahi kukosa sababu. "Nilikuwa sipendi kukaa huku peke yangu," nikasema.

Alikiweka kibakuli chini. Kundi la ndege likaja, likazunguka, likashuka upande wa bwawani bila yeyote kati yetu kusimama.

"Na ile ya kwamba ananikumbuka?" akauliza. "Ulikuja kuniambia siku ile nimelala, kwamba baba anasema ananikumbuka."

"Hiyo ni kweli. Hiyo alisema mwenyewe, kila alipopiga. Hiyo sikuitunga, Aneth, naapa kwa kaburi la baba yetu."

"Uliapa pia siku ya fisi."

Akafuta miwani kwa ncha ya sare.

"Sasa mimi nitajuaje?"

Neno moja la kweli alilopewa na baba yake lilipitia kwangu, na kwa sababu lilipitia kwangu Aneth haliamini tena.

Alichukua kombeo mkononi mwangu, akaweka dongo, akazungusha mara mbili, akaachia. Ndege wakaruka wote. Akanirudishia kombeo, akavaa begi lake, akashuka ngazi. Nilimwita. Hakugeuka.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimempa Aneth simu tangu leo, imejaa chaji. Kesho baba yake akipiga, atapokea yeye, atamwuliza mwenyewe. Mimi nitakuwa huku shambani, mbali, mahali ambapo hata ikiwekwa sauti kubwa sitasikia alichojibiwa.